Kiganja Chini ya Shuka

Kabla keekee haijaanza, Daktari Lamara husema,
"Tsiala, mkono."
Nami nakipitisha kiganja chini ya shuka la kijani,
nakilaza shavuni mwa aliyelala.

Leo ni Jumberi, mwoka mikate wa ng'ambo ya mto Rioni,
malaika ya mikono yake yameungulia tanurini.
Sikio la kulia limemvuja usaha tangu ujana.
Humo ndani kimeota kitu cheupe, kinang'aa kama lulu,
kinaula mfupa bila kelele.

Mashine ya kuusikiliza mshipa tunayo.
Umeme wa Kutaisi, ukikatika na kurudi, uliiunguza Januari.
Basi mashine ni mimi.

Daktari wa usingizi ameshaambiwa:
"Misuli usiilegeze. Mwenyewe na alale,
uso ubaki macho."

Keekee inalia. Maji yanatiririka juu yake,
maana joto nalo huua mshipa bila kuugusa.
Lamara anafuata njia yake ubavuni, haikati,
kama apitaye kando ya kitanda cha mtoto.
Anaweka chuma, anachukua almasi.
Mfupa unakonda, wekundu unaanza kuonekana.
"Uko hapa," anasema, si kwangu.

Vitabu huuchora mshipa wa uso
umelala ndani ya mfereji wake, umefunikwa wote.
Vitabu havijamfungua Jumberi.
Juu ya kikuku, pale lulu ilipokula, uko uchi,
si mnene kuliko uzi wa kushonea gunia.

Shavu likaruka.
Kidogo tu, kama donge la unga linapoumuka.
Nikasema, "Simama."
Akasimama. Hakuniuliza kama nina hakika.

Mama yangu alipopasuliwa sikio
hapakuwa na kiganja.
Alirudi anasikia vizuri,
chai ikimtoka pembeni mwa mdomo.
Picha zote za baada ya hapo amegeuka upande.

Kipande kimoja, chembamba kama ganda la kitunguu,
Lamara alikiacha palepale, juu ya mshipa.
"Tutakirudia mwakani," alisema.
"Uso hauna mwakani."

Alasiri nilimwinamia kitandani.
Jumberi, fumba macho. Kunja paji. Jaza mashavu upepo.
Akayajaza yote mawili.
Kisha akanuna, uso mzima,
kwa kuwa hatujamruhusu kula.