Safu Tano

Kampuni tano za magari, safu tano.
Nimeambiwa nizipange kama watoto wa darasa la nne:
nani wa kwanza, nani anashika mkia,
nani mlango wake wa mtandao una komeo,
nani kauegesha tu, kama mlango wa choo cha uani.

Mtaa wa Ohio, ghorofa ya tisa, kiyoyozi kinakohoa.
Bwana Kisanji anataka rangi.
"Wakubwa hawasomi, Sikudhani. Wanatazama."
Bima isiyotazama italipia magari
yaliyoibwa bila kioo kupasuka.

Jina langu Sikudhani. Kazi yangu ni kudhani:
kumfikiria mwizi
kabla mwizi hajajifikiria.

Kampuni ya kwanza, tisini na mbili.
Tovuti imepigwa deki, vyeti havijachacha,
hakuna nywila ya mfanyakazi iliyookotwa sokoni.
Ya tatu, hamsini na nne:
mwaka juzi walivuja, wakasema wenyewe,
wakataja siku, saa, na idadi ya wateja.
Kusema kumewagharimu alama kumi na moja.
Nimeirudia hesabu. Ni kumi na moja.

Jumamosi nikashuka Gerezani kwa Chande Lukanga,
fundi umeme wa magari. Kompyuta yake imeng'oka herufi N,
amepachika kipande cha kiberiti.
Nilikwenda na gari la shangazi, kwa ruhusa yake,
gari la tisini na mbili.
Chande akachomeka waya chini ya usukani,
akatia mhogo mdomoni,
na kabla hajameza, milango yote minne
ikasema *tak*.

"Hili tundu, uliwaambia wenyewe?"
"Mara nne. Hawana anwani ya mtu kama mimi.
Wale wengine, uliowapa hamsini na ngapi sijui,
walinijibu kesho yake. Mtu mwenye jina.
Akauliza swali, nikajibu, akauliza tena.
Mwezi wa pili wakaziba.
Wakanitumia fulana. Kubwa mno.
Mke wangu analalia."

Kisha akaingia kwenye kumbukumbu ya gari.
Shangazi kalinunua bandarini miaka mitatu iliyopita,
na kila akiliwasha linatamka Kijapani,
sauti ya binti mpole asiye na haraka.
Shangazi hajui linasema nini.
Huitikia, "Marahaba," akaondoa breki.

Humo ndani, Nagoya bado ipo:
nyumba yenye alama ya nyumba,
duka, shule, na hospitali.
Hospitali kila Alhamisi, saa tatu asubuhi.
Miezi saba ya Alhamisi.
Halafu hakuna Alhamisi.

Chande aliacha kutafuna.
Nje mtu alikuwa anagonga bodi kwa nyundo,
na mimi nalitafuta jedwali langu kichwani,
safu kwa safu,
nisione pa kuiandika hospitali ile.

Jumatatu nikawasilisha.
Kisanduku kimoja cha ile ya tisini na mbili nilikiacha cheupe.
Bwana Kisanji akavua miwani.
"Hiki umesahau?"
"Hapana. Hapo ndipo mtu angebisha hodi.
Hapana mlango."
Akanitazama kama anayehesabu nauli.
Akakipaka kijani.

Jioni shangazi akapiga simu.
"Fundi wako kauliza kama afute zile safari.
Nimemwambia afute, si zetu.
Ila nilitaka jina kwanza, nimwombee yule mgonjwa.
Katafuta, katafuta.
Gari linajua mpaka saa aliyokuwa anatoka nyumbani,
jina halina."

Akanyamaza. Nikasikia ufunguo ukizungushwa,
injini, na yule binti
akisema yale yale, kwa adabu ile ile.

Safari hii shangazi hakuitikia upesi.