Maoni Yangu, kwa Penseli

Msimu huu wa korosho nimesoma riwaya nne,
tano ukihesabu ile niliyoiacha ukurasa wa thelathini,
na mimi naihesabu, maana kuacha nako ni maoni.

Ananiazima Bi Chitanda, karani wa ghala la chama.
Ana katoni nyuma ya mizani,
kati ya magunia na vitabu vya stakabadhi.
Haulizi, "Umekielewa?"
Anauliza tu, "Umekikunja?"
Ndiyo maana nampenda.

Ya kwanza ni ya mapenzi.
Kijana na binti wanakutana mvuani, wanasimama,
wanatazamana kurasa mbili na nusu.
Nilicheka mpaka dada akauliza kuna nini.
Mvua inyeshe, halafu mtu asimame?
Hapa Newala mvua ikigonga bati
hata bibi harusi anavua viatu akakinge maji.
Ndoo, sufuria, beseni, kopo la rangi,
mapenzi baadaye, tangi kwanza.
Mwandishi huyu maji yake yanatoka ukutani.
(Sura ya mwisho nililia kidogo.
Naandika tu kwa sababu ni kweli.)

Ya pili ni ya upelelezi, na haina mwisho:
mtu kazichana kurasa kumi za nyuma,
nadhani kafungia karanga.
Nilimlaani siku tatu.
Siku ya nne, tukibangua, moshi ukiniuma macho,
nikamjua muuaji:
ni yule shemeji mpole
anayemmiminia kila mgeni chai kabla hajaombwa.
Sasa hizo kurasa sizitaki tena.
Huenda mwandishi alikosea.

Ya tatu kila mtu anaisifu.
Mwalimu Mkwanda alisema nikiisoma nitakuwa mtu mwingine.
Niliisoma. Nikabaki Somoe.
Sentensi zake nzuri, sikatai,
nyingine nimezinakili nyuma ya daftari la Hesabu.
Lakini mama anakufa ukurasa wa tisa
ili tu mwanawe apate huzuni ya kutembea nayo mjini.
Hatukuambiwa alipenda kula nini.
Hatukuambiwa vidole vyake vilikuwaje.
Vya mama yangu vimeliwa na mafuta ya ganda la korosho,
ncha laini, hazina mistari.
Siku ya kusajili laini ya simu
mashine ilimkataa mara nne,
akacheka, akasema, "Basi mimi sipo."
Huyo ningemsoma kurasa mia tatu.

Ya nne. Hii sijui nianzie wapi.
Getini kuna mlinzi, "Mmakonde wao",
kama mtu anavyosema gari lao, mbwa wao.
Kitabu kizima anatamka maneno matatu:
"Ndiyo, bosi. Karibu."
Sura ya kwanza anafungua geti,
sura ya kumi na tisa analifunga.
Chale zake za usoni zimeelezwa moja moja.
Jina, hakuna.

Babu yangu mdogo alilinda Dar es Salaam
miaka ishirini na sita,
na akija likizo alisimulia
mpaka koroboi inazima yenyewe.

Nikachukua penseli. Ndiyo, kitabu cha watu, najua.
Pembeni ya ukurasa wa kumi na nne
nikaandika kwa herufi za sisimizi:
*Anaitwa Nampoto Chilumba. Hajui kuchonga.
Anapenda redio, hasa taarifa ya hali ya hewa,
asikie kama kwao imenyesha.*

Nikakirudisha kimefungwa vizuri.
Bi Chitanda hakukipekua.

Jana nimekikuta tena kwenye katoni.
Nikaufunua ukurasa ule kabla sijasalimia.
Chini ya mwandiko wangu, kwa kalamu ya bluu,
herufi zimelalia kushoto,
za mtu nisiyemjua:
*Na mkewe je? Endelea.*

Pembeni pamebaki nafasi ya vidole viwili.
Nimekiazima tena.