Damu ya Mzee

Tiketi elfu tatu. Shemsa akauliza, "Na kipofu je,
hapunguziwi nusu?" Binti wa mlangoni akacheka,
halafu asijue kama ilifaa kucheka.

Ukumbi huu wa Upanga ulikuwa ghala la magunia;
bado unanuka katani ukipita karibu na nguzo.
Nimemshika dada mkono, lakini anayeongoza ni yeye.
Mimi nina macho tu.
Yeye alimaliza miaka kumi na tisa kwenye chumba cha rangi,
kiwandani, Ubungo, mikono ndani ya pipa
hadi kucha zikashika nili, na marehemu shemeji
akiwaambia watu kaoa kinyonga.

"Haya, niambie."
Nikasema: picha kubwa, wanawake watatu wa Feri
wanapara samaki.
"Rangi?"
Bluu.
"Bluu." Akasubiri.
"Bluu ya nini? Ya sare ya shule ikiwa mpya,
au ikisharithiwa na wadogo watatu?"
Nikairudia picha kama mtoto aliyekosea hesabu.
Ya moto wa jiko la gesi, nikasema,
ule wa chini, karibu na tundu.
"Ahaa," akasema. "Sasa umeanza kutazama."

Tukafika kwenye vikapu. Kibao kinasema TAFADHALI USIGUSE,
na Shemsa, Mungu amsamehe, hasomi vibao.
Vidole vikazunguka ukingo wa kikapu cha milulu,
taratibu, kisha vikasimama.
"Hapa alipigiwa simu," akanong'ona.
Nikainama: kweli, mizunguko miwili imelegea,
kisha kazi ikaendelea, imekazwa kupita kiasi,
kama mtu aliyepokea habari asiyotaka kuijibu.
Kijana wa ulinzi akaja mbio. Akaiona fimbo nyeupe.
Akageuka, akaenda kulinda ukuta mwingine.

Nyuma kabisa, batiki.
Hii, nikasema, ni damu ya mzee.
"Mzee yupi?" Mzaha wake wa tangu kiwandani,
hausubiri kicheko. "Kingo zake zikoje?
Zimekatika, au zinachuruzika?"
Nikasogea hadi pua ikakaribia nguo.
Palipokutana damu hiyo na nyeupe
palikuwa na wekundu mwepesi, usio na mpaka,
chai iliyomwagika kwenye shuka.
Zinachuruzika.
"Basi chumvi haikutosha."

Mtu akakohoa nyuma yetu. Mwanamke mfupi,
kilemba cha maji ya kunde, kitambulisho shingoni:
Yustina Haule. "Hiyo ni yangu," akasema,
na mimi nikatamani sakafu inimeze.
"Siku ile kwa Mangi palifungwa, alikuwa na msiba.
Nilibakiwa na nusu pakiti.
Nikasema moyoni, nani atajua?"

Wakasimama pale nusu saa, wale wawili,
wakizungumza magadi, na nta, na maji ya bomba la Kimara
yenye dawa nyingi, yanayoua njano,
na mimi nimeshika mikoba miwili
kama mgeni kwenye harusi ya kabila jingine,
natabasamu pale wanapocheka.

Mlangoni, kitabu cha wageni. Jina. Unakotoka. Maoni.
Waliotutangulia: Hongereni sana. Kazi nzuri. Mbarikiwe.
Nikuandikie nini?
Akaninyang'anya kalamu.
Akaandika mwenyewe, herufi zikipanda mlima,
zikivuka mistari mitatu, zikiingia kwenye jina la mtu wa Tabata:
CHUMVI.

Bajaji ikasimama kwenye taa za Faya.
Nyekundu, nikasema, kabla hajauliza,
kisha nikaitazama tena.