Tonge la Kabla ya Alfajiri

Sarin Oum alifia mikononi mwangu, Jumanne,
saa kumi na moja alfajiri, hapa Lowell,
theluji ikigusagusa dirisha kama mgeni asiye na haja.
Nilikuwa mlezi wake wa zamu ya usiku.
Nalipwa kwa saa.
Ile ya mwisho sikuiandika.

Alibatizwa na miaka sitini na minane
ndani ya beseni la plastiki, kanisani kwetu kwa kupanga,
ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi.
Akaibuka anatetemeka, anacheka kwa meno yake manne,
akauliza kama Yesu naye
alitiwa kwenye maji baridi namna hii.
Siku hiyo dada yake, Thavy, alibaki nyumbani
akichagua mchele usio na mawe.

Na sasa Thavy kasimama mlangoni, nyeupe tupu.
Mimi nimevaa nyeusi.
Tukatazamana,
kila mmoja akidhani mwenzake kakosea msiba.

Ratanak, mwana, fundi wa mabomba,
simu mbili, sikio hili na hili:
huku Mchungaji Mutiso anataka saa ya ibada,
huku hekaluni wanauliza watawa wangapi.
"Mama alisema azikwe. Asichomwe."
"Mama yako alisema mengi," akajibu Thavy.
"Kule Kambodia, mwaka wa njaa, alisema ameshiba,
akanisukumia bakuli."

Siku tatu mabishano, chai ikipoa.
Mchungaji akaja na aya zake zimepangwa.
Thavy akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema,
Ratanak akitafsiri huku anatazama zulia:

"Sina ugomvi na Yesu wenu. Alimfanya dada alale usingizi.
Lakini Septemba kuzimu hufunguliwa,
siku kumi na tano,
na wafu huzunguka mahekalu saba
wakitafuta wali wa jamaa zao.
Yeye ataingia lipi? Nani atamwita?
Njaa ilishamla nusu.
Isije ikamalizia."

Mchungaji, mtu wa jibu kwa kila jambo,
akavua miwani, akaifuta.
Ilikuwa safi.

Usiku ule, tukimwosha, Thavy akanyoosha kiganja:
sarafu, ya kumtia mdomoni.
Nikapekua mkoba, nikapata shilingi kumi ya kwetu,
imekaa humo tangu uwanja wa ndege.
Hakuuliza ni ya nchi gani.
Nami mchungaji sikumwambia. Hadi leo.

Tulimzika Jumamosi. Ardhi kama bati,
mashine ililia kutwa nzima kabla ya kaburi kukubali.
Watawa wanne walisubiri zamu yao
chini ya makoti ya mitumba, manjano yakichungulia kwenye ndara na soksi.
Tuliimba, nao wakaimba.
Hatukulia kwa wakati mmoja.
Sisi tuna arobaini, wao wana mia;
nikahesabu zote mbili, kimyakimya, kazini.

Septemba. Saa tisa usiku, simu.
"Una gari?"
Thavy barazani, tonge la wali na ufuta
kalifunga kwa karatasi ya fedha, kalikumbatia kama kifaranga.
Lango la makaburi, kufuli.
Tukasimama pale, pumzi zetu zikionekana.

Nikataka kumwambia: kila Jumapili ya kwanza
dada yako aliuma nusu ya mkate wa Bwana,
nusu akaificha ndani ya mkono wa sweta.
Nilimwona. Sikumsema.
Nikatafuta maneno, Kiingereza changu na chake vikigongana,
nikafika kwenye "mkate" tu, akanikatiza:

"Najua. Mkate wenu hauna chumvi."

Akaita jina, mara tatu.
Akarusha tonge juu ya ua, kwa nguvu nisiyoitarajia.
Hatukusikia likianguka.

Nikawasha gari, nikamfungulia mlango.
Zamu yangu ilikuwa saa kumi na mbili,
kwa mzee mwingine, ng'ambo ya mto.