Maji ya Rejeta

Mimi ndiye niliyeyamimina, si mwingine.
Galoni lilikuwa limepasuka, nikatwaa chupa ya soda,
nikaiweka rafuni, juu ya spana,
kijani kama mchicha ulionyeshewa.

Oktoba, Tabora. Bati la gereji linalia kwa joto.
Swedi akatoka chini ya Fuso, koo kavu,
akapiga mafunda matatu, akafuta mdomo:
"Fundi, sharubati gani hii? Tamu kama asali ya Sikonge."
Nilikuwa na simu sikioni.
Neno *tamu* nililisikia. Sikuligeukia.

Jioni akayumba njia nzima hadi Isevya.
Wakasema: kijana wa Bi Nyamizi kaanza ulevi,
yeye ambaye hata togwa ikichacha huisukuma.
Mama alimnusa mdomo, hakuna kitu.
Akamfunika shuka, akamwacha alale.

Siku ya tatu hakukojoa.
Kitete, daktari alituonyesha kwenye darubini
matone machache yaliyotolewa kwa mpira:
fuwele, vipande vya kioo,
vilevile vilivyoziba figo zake.
Akaeleza, polepole, kwamba saa zile za mwanzo
hata pombe kali ingekuwa dawa,
ingeiwahi sumu kwenye mlango wa ini.
Bi Nyamizi akaushika ushungi wake.
"Nilimnusa," akasema. "Nilimnusa, nikashukuru."

Wiki tano, Mwanza, damu yake ilitoka ikarudi
kwa mashine.
Kisha simu, alfajiri:
"Nusu kikombe, Fundi! Kakojoa nusu kikombe!"
Nikapiga kigelegele, mwanamume mzima, peke yangu gerejini.

Uso haukurudi naye.
Upande wa kushoto umelala, jicho halifumbi,
chai humtoroka pembeni mwa mdomo.
Vidole havijui nati namba kumi na punje ya karanga.
Neva huota, wanasema, milimita moja kwa siku.
Nimempima kwa rula, sikio hadi mdomo:
sentimita kumi na moja.
Miezi minne haitimii.
Huu ni wa saba.

Bado anakuja. Anakaa juu ya tairi,
anasoma nilichoandika kwa rangi nyekundu
kwenye kila chupa, kila kopo, hata la maji ya kunawa:
SUMU.
M yataka midomo miwili.
Inamponyoka. Anafuta mate kwa mkono wa ovaroli,
anajaribu tena.