Sehemu Moja kwa Nne

Usiulize bei kwanza. Uliza
kama yanapatana na spiriti.

Injini yenyewe inakaa kiganjani kama yai la kanga.
Niliichonga Nyakato, zamu ya usiku,
baada ya bushi za mashine za kusaga
na shafti za mitumbwi ya watu wenye haraka.
Ntobi akachungulia begani kwangu:
"Dada, injini hii atapanda nani?"
"Sisimizi," nikamjibu. "Na nauli watalipa."

Kosa la kwanza lilitoka Kirumba:
oili nyekundu ya mashine za boti,
inayopimwa kwa chupa ya soda.
Niliichukua kwa sababu ziwa zima linaiamini.
Nikaitikisa na spiriti, ikageuka maziwa ya waridi.
Nikaenda kunywa chai.
Niliporudi zilikuwa zimeachana:
spiriti juu, angavu, inajiona,
oili chini, imenuna,
kama mke na mume mbele ya baraza la kata.
Nikajidanganya kwamba nikitikisa tena watarudiana.
Injini ikanyonya spiriti tupu,
ikalia sekunde tisa (nilihesabu),
ya kumi ikakaba.
Pistoni iliikumbatia silinda
hata nyundo ya mpira ikaona haya kuwatenganisha.

Wiki tatu za kazi.

Mtaa wa Rwagasore wakaniuzia ya maabara,
nyepesi, haina masizi, haina harufu.
Kikopo kimoja, ujira wa siku mbili.
Inachanganyika, sikatai.
Lakini moto ukizidi
inaondoka bila kuaga,
na chuma kinabaki na chuma.

Basi nikaenda Mlango Mmoja, kwa Milembe muuza nyonyo.
"Ya nywele au ya tumbo?"
"Ya injini."
Alicheka mpaka jirani yake wa dagaa akaja kuuliza msiba gani.
Alikuwa na aina tatu.
Ya kwanza imetiwa yasmini: ya maharusi hiyo, acha.
Ya pili nyeusi, ya mbegu za kukaanga na kuchemsha,
ina moshi ndani, na maji;
weka tone kwenye kijiko juu ya mshumaa,
likitatarika, mrudishie mwenyewe kwa heshima.
Ya tatu imekamuliwa bila moto,
rangi ya chai iliyosahauliwa maji mengi,
nzito, inashuka chupani kama mtu asiyedaiwa.

Nikachanganya sehemu moja kwa nne.
Wabahili watakwambia moja kwa kumi;
waulize injini zao ziko wapi.
Nikaiacha chupa dirishani, Igogo, usiku kucha,
kwa sababu mchanganyiko, kama mgeni,
huujui mpaka ulale nao nyumba moja.
Asubuhi hapakuwa na mstari.
Juu, chini, kitu kimoja.

Sisemi nyonyo haina lawama.
Inaacha utando wa kahawia kwenye silinda,
ukiisahau siku mbili
shafti inagoma kuzunguka, imegandishwa na gundi yake.
Lazima uioshe kwa spiriti kabla ya kulala,
hata mvua ikikupiga, hata mgongo ukikataa.
Ila kwenye joto la kuua
yenyewe ndiyo inayobaki.

Tuliishusha Bwiru, Jumapili,
kwenye mwanya kati ya magugu maji,
boti ya mkorosho, urefu wa mkono wangu.
Ikakohoa. Ikakohoa. Ikashika.
Moshi mwembamba wa buluu ukaturudia na upepo,
na Ntobi, ambaye hajawahi kukosa neno,
akanyamaza, akanusa,
akageuka nyuma kutazama njia.

"Kuna mtu anasukwa hapa?"

Sikumjibu. Mama yetu alikuwa akitusuka Jumamosi,
kichwa katikati ya magoti yake,
kidole chake kimoja kimechovywa kikombeni,
kikipita kwenye kila mstari wa ngozi, taratibu,
kama mtu anayejua ni wapi patawaka.

Boti ilipogusa ukingo nikaitemea mate silinda.
Yalichemka polepole.
Sawa. Nikatoa kitambaa, nikaanza kuosha.