Kumi na Nne

Bango lile niliandika mwenyewe, kwa wino wa buluu,
nyuma ya kalenda ya mwaka uliokwisha,
maana chati tulizoletewa skuli yetu ya Wete
zilisema Kiingereza cha mtihani,
na asidi ikikurukia haiulizi umefaulu somo gani.
USIMIMINE MAJI KWENYE ASIDI.
Nikalibandika kwa uji wa muhogo. Gundi ilikuwa imekwisha.

Mchwa nao wanaupenda muhogo.
Masika ile walipanda kutoka sakafuni,
wakapita nyuma ya jedwali la elementi,
wakala heliamu, isiyoungana na yeyote,
wakala taya la fuvu kwenye alama ya sumu
(likabaki linacheka upande mmoja),
wakafika kwenye bango langu
wakala herufi mbili.

Mbili tu. S na I.
Mimi niliyepangusa vumbi pale kila Jumatatu
sikuona. Aliyeandika
husoma alichokusudia.

Riziki Shaame alisoma kilichopo.
U  MIMINE MAJI.
Wala hakuwa mtundu. Watundu walikuwa dirishani
wakitupiana vifuniko vya kalamu.
Yeye ndiye pekee aliyetazama ukutani
kama tulivyomwambia.

Maji yalifoka kabla hayajatua.
Nilimwagia mkono wake ndoo nzima, na nyengine, na nyengine,
huku nikisikia mtu anapiga mayowe ndani ya maabara,
nikitaka kumwambia anyamaze,
kumbe ni mimi.

Siku hizi yuko Wawi, kiwandani, anapima mafuta ya makonyo.
Akija kunisalimu harufu ya karafuu hutangulia mlangoni,
na kovu hulificha chini ya saa.
Hajanilaumu hata siku moja.
Angenilaumu, labda ningelala siku za mvua.

Juzi alinikuta juu ya meza na brashi na rangi nyekundu,
bango jipya, mara hii la bati.
Akanyoosha kidole kwenye jedwali.
"Bi Mgeni, umeshaliona hili?
Nikeli, Ni, ishirini na nane.
Silikoni, Si, kumi na nne.
Ni inaingia Si mara mbili kamili."
Akacheka peke yake, kama zamani, akipata jibu kabla ya mwalimu.
Halafu akasema, taratibu, kama anayesoma lebo:
"Si imo mchangani. Imo kwenye kioo.
Lile bika nililolishika lilikuwa limejaa Si."

Sikujibu. Nilichovya brashi.

Nimeiandika kubwa kupita herufi zote,
imepinda, imeuvunja mstari,
rangi imechuruzika hadi kwenye ASIDI.
Mwalimu mkuu kasema haipendezi.
Kweli, haipendezi.
Riziki alinishikia ngazi nishuke,
kwa mkono ule ule.